Sura ya Tano: Mbwa Aliyetoka Kwingine

Mbwa anayeletwa Kapolowe akiwa mtu mzima ana historia yake, ila kwa kawaida hakuna anayemsimulia mwenyeji mpya. Pengine alilinda nyumba ya mhandisi mjini Likasi. Mkataba wa mgodi ulipokwisha mwenye nyumba akafungasha, mbwa akabaki mikononi mwa zamu, na zamu akampeleka kwao. Pengine alikuwa na kampuni ya ulinzi hadi magoti yakaanza kumsumbua. Pengine alinunuliwa Lubumbashi akiwa kitoto kinachoenea kiganjani, akalelewa na watoto wa nyumba mpaka siku alipoanza kula kuliko walivyokadiria. Vyovyote iwavyo, alifungwa kamba shingoni, akapandishwa garini katikati ya magunia, na alipoteremshwa akakuta sauti mpya, harufu za samaki wanaokaushwa, na watu wasiojua jina lake.

Baada ya hapo ndipo lawama huanza. Hali. Au anakula chakula cha kila mtu. Anabweka usiku kucha. Amemrukia mama mkwe. Amechimba chini ya ukuta wa lupango, akaonekana njiani akielekea Likasi kama mtu aliyesahau kitu huko. Amemtolea meno mtoto aliyekwenda kumbembeleza. Siku chache tu zikipita, mwenye nyumba anaanza kutafuta mtu wa kumpa, na mbwa anaanza safari ya tatu au ya nne ya maisha yake, akiwa na woga zaidi ya aliokuwa nao mwanzo.

Kabla ya kueleza la kufanya, sharti tuseme jambo ambalo vitabu vya mbwa vya Ulaya havilisemi, kwa sababu kule mbwa huchukuliwa awe rafiki. Kwetu mbwa huchukuliwa awe mlinzi. Kibao cha “Chien méchant” huwekwa getini hata kabla mbwa mwenyewe hajafika. Kwa hiyo tabia tunayoilalamikia ndiyo ile ile tuliyomchukulia. Tunataka mnyama atakayemtisha mgeni asiyemjua, halafu tunashangaa kwamba wiki ya kwanza hamjui yeyote, na wote kwake ni wageni: baba, mama, watoto, jirani anayekuja kuomba chumvi.

Ubaya wa mambo ni kwamba wengi humaliza tatizo hili kwa kuliongeza. Mbwa hufungwa mnyororo mfupi mchana kutwa ili “awe mkali”, na wapo wanaomtilia pilipili kwenye bukari kwa imani hiyo hiyo. Pilipili humuunguza tumbo, basi. Mnyororo humfundisha jambo moja tu, kwamba akitishwa hana pa kukimbilia. Mnyama asiye na pa kukimbilia huuma, naye humuuma aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto. Mwizi hayuko karibu. Mwizi akija usiku na fimbo, mbwa aliyejengwa kwa woga huingia uvunguni. Waswahili husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Nakubali nusu yake tu. Mbwa wa msasi ana kazi anayoijua, ana mtu anayemwamini, na ukali wake una mahali pa kuanzia na pa kuishia. Mbwa wa mnyororo hana hata kimoja kati ya hivyo.

Mlinzi mzuri ni mbwa aliyetulia. Anawajua wa nyumbani kwa harufu na hatua zao, kwa hiyo asiyekuwa wao anajulikana upesi. Anabweka, anasimama, anamngoja mwenye nyumba atoke. Kazi yote ya siku za kwanza ni kumfikisha hapo, na huwezi kumfikisha kwa kumwongezea hofu.

Hofu hiyo imepimwa. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wright State, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika damu ya mbwa walioingizwa kwenye makao ya wanyama wasio na wenyewe. Waliokuwa katika siku tatu za kwanza walikuwa na kiwango cha juu kuliko waliokaa zaidi ya siku tisa. Kwa maneno mengine, mbwa unayemwona siku ya pili siye mbwa utakayeishi naye. Anayejikunja pembeni bila kula huenda akawa mchangamfu. Aliyekuwa mpole kupita kiasi huenda alikuwa ameganda kwa woga, na meno yatatoka wiki ya tatu, atakapopata nguvu ya kusema hapana. Kumhukumu mapema ni kosa kwa pande zote mbili.

Basi siku hizo za kwanza mpe vitu vichache vya kujifunza. Mchagulie pembe moja ya lupango, yenye kivuli na isiyokuwa njia ya watu, umwekee maji na gunia la kulalia, na uitangaze kwa wote wa nyumbani kuwa hapo mbwa haguswi. Mtu mmoja ampe chakula, kwa saa zile zile. Kama alizoea chakula cha dukani huko alikotoka, bukari na vichwa vya samaki vya ghafla vitamwendesha tumbo, na mbwa anayeharisha usiku atanung'unika na kuchafua, nawe utasema ana tabia mbaya. Badilisha kidogo kidogo. Usimwogeshe siku ya kwanza, hata anuke vipi. Usialike majirani waje kumwona.

Kamba ni suala la pekee, kwa kuwa lupango nyingi zina ua wa miti au hazina ua kabisa, na barabara ya Lubumbashi na Likasi inabeba malori ya shaba usiku na mchana. Siwezi kumwambia mtu asimfunge mbwa mgeni, akitoroka atakufa. Lakini pana kufunga na kufunga. Chukua waya imara, uuvute kati ya miti miwili kwa urefu wa hatua nyingi iwezekanavyo, upitishe pete juu yake, kamba ya mbwa ifungwe kwenye pete. Sasa anaweza kutembea, kukimbia kidogo, kukifuata kivuli, na zaidi ya yote anaweza kumwepuka mtu asiyemtaka. Hakikisha tu kamba haifiki kwenye ukuta anaoweza kuuruka akajinyonga, wala kwenye njia ya watoto. Jioni mtembeze mwenyewe, umzungushe nje ya ua akinusa. Mbwa huandika ramani ya mtaa kwa pua. Asipopewa nafasi ya kuijifunza ya Kapolowe, ataendelea kuitafuta ile ya Likasi.

Sasa samaki. Ziwa Tshangalele ni maji ya Mto Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwa ajili ya umeme wa migodi na kuanza kuutoa mwaka 1930. Uchumi wa wavuvi uliozaliwa hapo ukaufanya mtaa mzima unukie chakula. Tilapia na kambale hukaushwa juu ya chanja, hupangwa kwenye makarai, husafirishwa kwa vikapu. Mbwa aliyelelewa nyuma ya ukuta wa mjini hajawahi kuona vyakula vingi hivyo vimeachwa wazi. Ataiba. Na akiiba kwa jirani, tatizo halitakuwa la mbwa tena, litakuwa la familia mbili.

Watu wengi hungoja mbwa aibe, kisha humchapa. Haisaidii, kwa sababu malipo ya wizi yalishaingia tumboni kabla fimbo haijafika. Tena hata kama chanja imefunikwa siku tisa na kuachwa wazi siku ya kumi, ile siku ya kumi ndiyo itakayomtawala. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika karne iliyopita kwamba malipo yanayokuja mara moja moja bila utaratibu hufanya tabia iwe ngumu kufa kuliko malipo ya kila mara. Mvuvi anayerudi kila alfajiri mahali alipowahi kupata kambale mkubwa mara moja analijua hilo bila kusoma Skinner. Kwa hiyo dawa ya wizi iko kwenye chanja kabla ya kuwa kwenye mbwa: iinuliwe, ifunikwe kwa wavu, mbwa awe kwenye waya wake wakati samaki wanatandazwa, na awe amekula kabla ya hapo. Mbwa mwenye njaa hafundishiki kuacha samaki. Sijui kwa nini jambo hili dhahiri hubishaniwa sana.

Baada ya hapo ndipo mafunzo. Shika kipande cha bukari ndani ya ngumi, mwache anuse, alambe, asukume kwa pua. Usiseme kitu. Atakapovuta kichwa nyuma, hata kwa nukta moja, fungua ngumi mpe. Rudia. Akishaelewa kwamba kuacha ndiko kunakoleta chakula, weka neno lako, “acha”, kisha jaribu kwa kichwa cha samaki chini ya kiganja, kisha chini ya mguu, kisha mbali kidogo akiwa na kamba. Vipindi vifupi, mara kadhaa kwa siku, vinatosha.

Anayeona huu ni uzungu aende Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na mafunzo yote yanakwenda kwa mlio mdogo wa “klik” na kipande cha chakula, kama ndizi. Panya hachapwi, ukimchapa utakuwa na panya anayejificha, na bomu litabaki pale pale. Magawa, mmoja wa wahitimu wa Morogoro, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akafanya kazi na watu wapya katika nchi mpya, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Hapa Kongo penyewe, katika Hifadhi ya Virunga, mbwa wa kufuatilia nyayo za majangili walianza kufundishwa kwa msaada wa daktari wa mifugo Marlene Zähner kutoka Uswisi mwaka 2011. Kazi ile inamtaka mbwa amwamini askari anayeshika kamba yake kiasi cha kumwongoza mbele, gizani, mahali penye risasi. Mbwa anayeogopa mshika kamba hatakwenda mbele. Atatazama nyuma kuona fimbo iko wapi.

Wazo kwamba mbwa mgeni lazima “aonyeshwe nani mkubwa” lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha maelezo ya mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, wanyama wasiohusiana waliobanwa pamoja na kugombania vyeo. Kitabu cha David Mech cha mwaka 1970 kililieneza wazo hilo, na wafundisha mbwa wakalibeba. Mech huyo huyo, baada ya miaka ya kuwatazama mbwamwitu porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini ni familia tu, baba na mama na watoto wao, na hakuna anayepigania ukuu. Habari ya kwanza ilifika kila mahali. Marekebisho bado yako njiani.

Madhara yake si ya nadharia. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wenye mbwa 140 waliokuja kutafuta msaada ni mbinu gani walikuwa wamejaribu. Kati ya waliosema wamempiga au kumpiga teke mbwa wao, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Watu hao walitaka kupunguza ukali, wakaununua zaidi.

Hapa niseme neno kuhusu kunguruma, kwa sababu ndilo jambo linaloadhibiwa haraka kuliko yote. Mbwa anapokula, mtoto akapita karibu, naye akanguruma, tunaruka na kandambili. Lakini mngurumo ni taarifa. Kabla yake palikuwa na taarifa ndogo zaidi: aliacha kutafuna, mwili ukakakamaa, akageuza macho hadi weupe ukaonekana, akalamba midomo bila chakula, mkia ukashuka. Hatukuziona, akapandisha sauti. Ukimchapa kwa kunguruma utafanikiwa, ataacha kunguruma, na mara ijayo atauma kimya kimya. Mbwa anayesemwa “aliuma ghafla bila sababu” mara nyingi ni mbwa aliyenyang'anywa lugha yake.

Badala yake, badilisha maana ya mtu anayekaribia sahani. Pita kwa mbali wakati anakula, mtupie kipande kitamu kuliko kilichomo sahanini, endelea na safari yako. Kesho sogea hatua moja. Akikakamaa, umesogea mno, rudi nyuma. Hii ni kazi ya mtu mzima. Mtoto hafundishwi kumkaribia mbwa anayekula. Anafundishwa kumwacha, pamoja na yule aliyelala na yule aliyefungwa. Tuwe wakweli, mtoto wa miaka mitatu hafundishiki hata hilo, kwa hiyo wakati wa chakula mbwa awe mahali ambapo mtoto hafiki. Na mbwa mgeni na mtoto mdogo wasiachwe wawili peke yao, hata mbwa awe amelala kama gogo.

Kelele za usiku nazipitia haraka kwa sababu nyingi hujiponya. Mbwa mgeni hubweka kila kitu kwa kuwa kila kitu ni kipya: treni, jogoo wa jirani, wavuvi wanaotoka kabla ya mapambazuko. Akishavijua ataacha. Ukitoka kila mara kumfokea, kwa masikio yake umekuja kubweka pamoja naye. Radi ni jambo jingine. Majira ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, ngurumo za Katanga huwatia hata watu wazima kiwewe, na mbwa anayeogopa radi anaweza kukata kamba au kuvunja jino kwenye bati. Usiku wa mvua kubwa mwingize kibandani, jikoni ya nje, popote penye kuta. Kumtuliza hakumfundishi woga, ingawa wengi huamini hivyo.

Nimeacha lililo zito mwishoni mwa sura, ingawa kwa mwenye mbwa mgeni ndilo la kufanywa siku ya kwanza: chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na wanaoumwa ni watoto kwa wingi. Virusi husafiri kwenye neva polepole kutoka jeraha hadi ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Maana yake, mbwa aliyeumwa Lubumbashi anaweza kuletwa Kapolowe akiwa mzima kwa kumwangalia na kuugua hapa. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikuwa umekatwa kwa chanjo kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, na watafiti waliosoma vinasaba vya virusi walibaini uliingizwa na binadamu mara mbili tofauti, kisha ukadhibitiwa tena kwa kuchanja. Kuhamisha mbwa ni kuhamisha na alichobeba.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabia si ya kufundishwa kila mara. Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, au mkali aliyeanza kumganda kila mtu kwa upole wa ajabu. Sauti iliyobadilika ikakwaruza. Taya linaloning'inia, mate yasiyokatika. Kung'ata vijiti, mawe, hewa: hapo hakuna mafunzo. Usimguse, usimtazame kinywani kutafuta mfupa uliokwama. Mtenge, waondoe watu, mwite daktari wa mifugo.

Na akimuuma mtu, awe mbwa wa aina gani, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, jeraha likiwa dogo pia. Kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo, kuulizia chanjo ya binadamu, bila kungoja dalili. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Majani, pilipili, mafuta ya gari na manyoya ya mbwa mwenyewe visiwekwe kwenye kidonda. Mbwa aliyeuma, kama yuko hai na anaweza kufungwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungwe aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Ukimuua na kumtupa ziwani umetupa taarifa ambayo daktari angeihitaji. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo kwisha, aende kwanza.

Wapo mbwa ambao havitawafaa vyote hivi. Dirisha la kuzoea watu na mambo ya dunia hufunguka kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ya maisha; John Paul Scott na John Fuller walilieleza vizuri katika kitabu chao cha mwaka 1965. Mbwa aliyelipita dirisha hilo ndani ya banda, bila mikono ya watu, anaweza kuboreka sana bila kuwa mbwa wa nyumba yenye watoto sita. Si dhambi kukiri kwamba nyumba yako haimfai. Mzee anayeishi peke yake ng'ambo ya reli anaweza kumfaa. Waulize madaktari wa mifugo wa Likasi, au Lubumbashi, ambako Chuo Kikuu kina kitivo kizima cha tiba ya mifugo. Mara nyingine maumivu ya sikio au jino ndiyo yaliyokuwa yakinguruma muda wote huo.

Ila ukimpa mtu mwingine, mpe na karatasi. Kadi ya chanjo yenye tarehe. Jina analoliitikia. Anakula nini na saa ngapi. Kwamba anaogopa radi na wanaume wenye kofia. Kwamba mwezi wa Machi alimuuma kijana mkononi, alipokuwa akila, na kijana alifuata mfupa. Usiifute sentensi hiyo ya mwisho ili apokelewe haraka. Anayempokea ana watoto wake.